Kabla Umchezee Mheshimiwa, Mjue Faustin Linyekula

Nilikuwa kidato cha tatu wakati tulipakiwa kwa lori, tukapelekwa uwanjani kumchezea mheshimiwa fulani. Tuliambiwa tufike saa moja asubuhi. Mheshimiwa akafika saa tisa alasiri. Hayo masaa nane yote tulikuwa kwa jua, sketi za makonge kiunoni, njuga miguuni, na mwalimu anatukataza kukaa chini eti tutachafua nguo. Alipofika tulicheza dakika nne. Dakika nne, wasee. Na hakutuangalia, juu alikuwa anaongea na simu. Baadaye tukapewa soda na nusu mkate kila mtu, tukapanda lori tukarudi shule tukiimba kama watu wameshinda kombe.

Usiku huo kwa bweni swali moja lilinikataza kulala. Tulikuwa wachezaji, ama tulikuwa maua ya mezani?

Nimetembea na hilo swali miaka kadhaa. Mtu aliyenisaidia kulijibu si mwalimu wala pasta. Ni msee wa Kisangani, huko Kongo, anaitwa Faustin Linyekula. Kazi yake ni kutunga densi. Kama hujawahi kusikia jina lake si makosa yako, hakuna mtu huwa anatufundisha hizi vitu. Lakini huyu jamaa alianza kudensi hapa kwetu Kenya, na leo ni mmoja wa watunzi wa densi kutoka Afrika wanaoheshimika zaidi duniani. Keti, nikupe hadithi yake.

Kwanza tuelewane kuhusu neno baleti

Ukitaja baleti hapa Kisii mjini, kila mtu anawaza wasichana wembamba, sketi zimesimama kama mwavuli, wanatembea kwa ncha za vidole. Sawa, hiyo ni baleti. Lakini historia yake iko karibu na lile lori letu kuliko unavyofikiria.

Baleti ilikulia kwenye majumba ya wafalme, Italia kwanza, halafu Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa mwenyewe alikuwa dansa. Mwaka wa 1653, akiwa bado kijana mdogo, alicheza nafasi ya Jua kwenye onyesho moja la usiku kucha, na ndio maana hadi leo anaitwa Mfalme Jua. Mwaka wa 1661 akaanzisha chuo cha kifalme cha densi. Unaona hapo? Kila mtu anazunguka, mfalme ndiye jua. Tangu siku za kwanza baleti ilikuwa njia ya kuonyesha mkubwa ni nani.

Afrika ilipata uhuru, serikali zetu zikaiona hiyo silaha zikaipenda. Keïta Fodéba wa Guinea alikuwa ameunda kundi lake, Les Ballets Africains, huko Paris, likizunguka dunia na ngoma za Afrika Magharibi. Guinea ilipopata uhuru mwaka wa 1958, likageuka kundi la taifa. Nchi nyingi zikafuata, hasa zile zilizokuwa chini ya Ufaransa na Ubelgiji. Hazikuwa na viatu vya ncha. Zilichukua ngoma za kijijini, zikazipunguza dakika, zikazipanga mistari, zikaziweka jukwaani, zikaziita baleti ya taifa.

Sisi Kenya hatukutumia hilo jina, lakini wazo tulilitumia. Bomas of Kenya ilianzishwa na serikali mwaka wa 1971. Ukienda pale unaona ngoma za jamii tofauti zikichezwa na kundi moja la wachezaji walioajiriwa: saa hii wanacheza za kwetu, dakika kumi baadaye ni za Pwani. Si kitu kibaya. Lakini jiulize: ngoma ikishatoka kwa shughuli yake, kwa msimu wake, kwa watu wake, inabaki nini? Shika hilo swali hapo, tutalirudia.

Mwaka wa 1974

Kongo wakati huo iliitwa Zaire. Mobutu alikuwa amechukua mamlaka mwaka wa 1965, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa amebadilisha jina la nchi, jina la mto, na majina ya watu. Majina ya Kikristo yalipigwa marufuku. Suti na tai pia. Aliita mpango wake uhalisia wa Mzaire: kurudi kwa asili.

Sasa angalia mwaka wa 1974 peke yake. Mwezi Machi, Zaire inachukua Kombe la Afrika. Mwezi Juni inaenda Kombe la Dunia na kulimwa tisa bila na Yugoslavia. Mwezi Oktoba, Muhammad Ali anamwangusha George Foreman Kinshasa, dunia nzima ikiangalia. Mwaka huo huo Mobutu anaunda Baleti ya Taifa ya Zaire, ikikusanya wachezaji kutoka kona zote za nchi kubwa ajabu. Onyesho lake kubwa lilikuwa juu ya Lianja, shujaa wa masimulizi ya Wamongo. Mpira, ndondi, densi: kila kitu kilikuwa kinapiga picha moja, kwamba Zaire ni moja na baba yake ni mmoja.

Na mwaka huo huo wa 1974, Faustin Linyekula anazaliwa, Ubundu, kwenye mto Kongo, juu ya maporomoko. Jina Faustin wakati huo halikuruhusiwa. Yaani mtoto alizaliwa na jina ambalo serikali haikutaka kulisikia.

Alikulia Kisangani na vijiji vya karibu. Na hapa Mswahili wa Kenya anafaa kuinua kichwa kidogo, juu Kisangani inaongea Kilingala na pia Kiswahili. Hiki Kiswahili kilifika huko kitambo sana na misafara kutoka pwani. Tippu Tip, tajiri wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, alifanywa gavana wa eneo hilo mwaka wa 1887. Lugha ilifika na maumivu, lakini ikabaki, na watu wakaifanya yao. Kumbuka hilo pia, juu ndivyo Linyekula anavyofanya na densi.

Chuo kinafungwa

Linyekula alisoma fasihi na tamthilia pale Kisangani. Hakuwa na mpango wa kuwa dansa. Alikuwa mtu wa vitabu, mashairi na maigizo. Halafu mwanzoni mwa miaka ya 1990 utawala wa Mobutu ukaanza kupasuka, na jibu lake moja likawa kufunga vyuo vikuu. Kijana ana miaka kumi na tisa, anapenda vitabu, na mlango wa darasa umefungwa kwa kufuli ya serikali.

Mwaka wa 1993 akaondoka, akaja Nairobi.

Nitasema kitu hapa na nitasema mara moja tu. Mimi nilidropu chuo mwaka wa pili. Hakuna aliyekifunga. Deni la karo lilikuwa limepanda, bonasi ya majani chai mwaka huo ilikuja kama matusi, na baba yangu (kwa wale si Abagusii, kwetu "baba" ni mama) alikuwa na wadogo wangu wawili bado shule. Nikarudi nyumbani Nyamira na begi moja. Kuna watu kwa intaneti wanapenda kukuuzia hadithi za madropauti waliotoboa, kana kwamba kudropu ndio siri. Hiyo ni uongo, na Linyekula hawezi kutumika kwa hiyo biashara. Yeye hakuacha kusoma. Alikatazwa kusoma darasani, akaendelea kusoma nje. Ukiangalia kazi zake zote utaona kijana wa fasihi ambaye hajawahi kufunga kitabu. Mimi ndio naanza kuelewa hiyo tofauti sasa, na naandika hii post kama sehemu ya kazi yangu ya ziada.

Nairobi inampa mwili

Hapa Nairobi alikutana na Opiyo Okach, Mkenya aliyekuwa amesomea maigizo ya kimya huko London, na Afrah Tenambergen. Mwaka wa 1997 hao watatu wakaanzisha kampuni inaitwa Gàara. Inatajwa kama kampuni ya kwanza ya densi ya kisasa hapa Kenya. Fikiria ujasiri wa hiyo kitu. Nairobi ya 1997 ilikuwa na maandamano, mafuriko ya El Niño, uchaguzi wa Moi, na hawa watatu wako mahali wanauliza mwili wa Mwafrika unaweza kusema nini kama hauambiwi na serikali, wala na mtalii, wala na harusi.

Walitengeneza kazi inaitwa Cleansing, na mwaka wa 1998 ikapata tuzo kwenye mashindano ya watunzi wa densi wa Afrika yaliyofanywa Luanda, Angola. Baada ya hapo milango ya Ulaya ikafunguka. Linyekula akafanya kazi Ufaransa, na angeweza kubaki huko. Wengi wangebaki. Mimi na wewe tukipewa hiyo nafasi leo, begi liko mlangoni kabla barua haijakauka wino.

Anarudi kwenye vita

Hii ndio sehemu iliyonifanya nimpende huyu mtu.

Mwaka wa 2000, mwezi Juni, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Hawakuwa wanapigana na Kongo, walikuwa wanapigana wao kwa wao, ndani ya mji wa watu wengine. Mamia ya raia wakafa. Mwezi Januari mwaka wa 2001, rais Laurent Kabila, aliyekuwa amemng'oa Mobutu, akauawa Kinshasa. Nchi imegawanyika vipande, kila kipande na jeshi lake.

Ni mwaka huo wa 2001 ndio Linyekula alirudi nyumbani na kuanzisha Studios Kabako pale Kinshasa. Kabako ni jina la rafiki yake, mwandishi, aliyekufa kwa tauni. Ndio, tauni, ule ugonjwa wa panya na viroboto tunaosoma kwa historia ya Ulaya ya kale. Rafiki yake alikufa nao mwisho wa karne ya 20. Kwa hivyo kila wakati mtu wa Paris au New York anataja jina la hiyo studio, anataja kijana wa Kongo ambaye hangefaa kufa.

Na mwaka wa 2006 akafanya kitu ambacho kila mshauri wa biashara angemkataza: akahamisha kazi kutoka mji mkuu, akairudisha Kisangani. Kutoka Kinshasa hadi Kisangani si Nairobi hadi Kisii, ati unalala kidogo kwa matatu unaamka Keroka. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na kwa watu wengi njia ni ndege au siku nyingi sana kwenye mto. Huko ndiko alisema studio itakaa. Vijana wakaanza kuja kujifunza densi, tamthilia, muziki, video. Studio ikaanza pia kufanya kazi na majirani wa Lubunga, ng'ambo ya mto, hadi kwenye mambo ya maji safi ya kunywa. Mtunzi wa densi anauliza maswali ya maji. Kwake ni swali lilelile: mwili ukiwa na kiu utacheza nini?

Mwaka uliofuata, 2007, akapewa tuzo kuu ya Prince Claus ya Uholanzi. Yaani dunia ilimtambua zaidi baada ya kurudi nyumbani.

Kazi nne za kujua

Sitakuorodheshea zote. Chukua hizi nne.

Ya kwanza ni Dinozord, iliyoonyeshwa Vienna mwaka wa 2006. Wakati huo dunia ilikuwa inasherehekea miaka 250 ya kuzaliwa kwa Mozart. Linyekula akachukua muziki wa Mozart wa kuombea wafu, akauweka kando ya miili ya vijana wa Kongo, na kando ya maneno ya rafiki yake Antoine Vumilia, mwandishi aliyekuwa gerezani Kinshasa amehukumiwa kifo. Vumilia baadaye alitoroka, akapata hifadhi Sweden, na Linyekula alipoifufua hiyo kazi mwaka wa 2012, Vumilia alikuwa jukwaani kwa miguu yake mwenyewe. Mimi nikisoma hiyo kitu mara ya kwanza niliweka simu chini.

Ya pili ni ya mwaka wa 2009, inaitwa more more more… future. Hapo alimchukua Flamme Kapaya, mpiga gitaa aliyekuwa na Werrason, akachanganya ndombolo na hasira ya muziki wa panki. Sisi hapa tumelelewa na ndombolo kwa kila harusi na kila matatu. Tunajua inavyotuliwaza. Yeye aliuliza: na kama huu mdundo wa kusahau shida ungetumika kuzikumbuka?

Ya tatu inahusu baleti yenyewe. Mwaka wa 1923, Paris, kundi la Ballets Suédois lilionyesha La Création du monde, hadithi ya kuumbwa kwa dunia kwa mujibu wa Waafrika. Muziki ulikuwa wa Darius Milhaud, mapambo ya Fernand Léger, na densi ilitungwa na Jean Börlin. Majina makubwa. Afrika ilikuwa kila mahali kwenye hiyo kazi, isipokuwa Mwafrika mwenyewe. Mwaka wa 2012, kampuni ya Ballet de Lorraine ya Ufaransa ikampa Linyekula nafasi ya kuijibu. Fikiria: kijana wa Ubundu anakabidhiwa kundi zima la baleti la Ulaya, na kazi ambayo wazungu waliota juu yetu miaka karibu tisini iliyopita. Hakuichoma. Aliiweka jukwaani ionekane, halafu akaweka mwili wa Mwafrika karibu nayo, na mtazamaji akabaki na aibu yake mwenyewe.

Ya nne ndiyo inayofunga mduara. Mwaka wa 2019, akifanya kazi na jumba la tamthilia la NTGent la Ubelgiji, alitunga Histoire(s) du théâtre II, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Avignon. Inahusu ile Baleti ya Taifa ya Zaire, iliyozaliwa mwaka mmoja na yeye. Alienda akawatafuta watu waliokuwa ndani ya hiyo baleti tangu zamani, sasa wazee, akawapandisha jukwaani. Wakaongea. Wakacheza. Miili iliyofunzwa kumtukuza Mobutu ikasimama hapo miaka arobaini na tano baadaye, Mobutu ameshakufa, Zaire haipo, na hatua bado ziko kwenye magoti.

Hapo ndio nililipata jibu langu. Tulikuwa maua ya mezani, ndio. Na tulikuwa wachezaji pia. Mheshimiwa aliazima miili yetu dakika nne, lakini hatua hazikuwa zake na hakuenda nazo. Tatizo halikuwa ngoma. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kutuuliza sisi tunajua nini.

Usinidanganye, kuna swali gumu

Najua kuna mtu tayari anachapa komenti: "Sasa huyu si anachezea wazungu? Ni tofauti gani na kuchezea mheshimiwa?"

Swali ni halali. Kazi zake nyingi zinaonwa Avignon, Vienna, Brussels, na watu wanaolipa kwa yuro. Pesa nyingi ya sanaa kama hii inatoka huko. Kijana wa Kisangani anaweza kuwa hajawahi kuona kazi inayomhusu kabla mzee wa Ubelgiji aione. Hiyo inauma, na hakuna haja ya kuifunika na blanketi.

Lakini nionavyo mimi, tofauti ni mbili. Kwanza, anayeamua hadithi ni nani? Kwenye lile lori, mheshimiwa aliamua wimbo, muda, na hata jina litakaloimbwa. Linyekula anaenda Ulaya na swali lake mwenyewe, na mara nyingi swali lenyewe linawahusu wao. Pili, pesa inarudi wapi? Yake inarudi Kisangani, inakuwa studio, mafunzo, kazi ya vijana. Ukinionyesha mheshimiwa mmoja ambaye baada ya kuchezewa alirudi kujenga ukumbi wa mazoezi, nitafuta hii post.

Na tusisahau Banataba. Mwaka wa 2017, jumba kubwa la makumbusho la Met huko New York lilimwita atunge kazi. Ndani ya stoo alikuta sanamu ya Walengola, watu wa upande wa mama yake. Iko Marekani, imehifadhiwa vizuri, lakini haikuwa ikionyeshwa. Akarudi hadi kijiji cha mama yake, Banataba, akaanza kazi kutoka hapo. Mtu wa Kisii hahitaji kuelezewa hiyo. Mawe ya Tabaka yanachongwa hapa kwetu, yanapakiwa, yanauzwa mbali, na kwa meza ya huko mbali hakuna anayejua mchongaji anaitwa nani.

Magokoro

Nifunge na nyumbani.

Magokoro wangu, yaani nyanya yangu mzaa mama, alikuwa akicheza ribina akiwa msichana. Nilijua hivyo kwa uvumi tu, juu tangu nizaliwe sijawahi kumuona akitikisa bega. Alibatizwa, akaambiwa ngoma ni mambo ya giza, akaziacha. Hajalalamika. Ni mtu wa kanisa na anaipenda kanisa yake, na mimi siko hapa kumgombanisha na Mungu wake.

Linyekula ana kazi ya peke yake, Le Cargo, ya mwaka wa 2011, ambayo inahusu kurudi Obilo, kijiji alichoishi utotoni, kutafuta densi alizokumbuka. Baada ya kusoma juu yake nilienda kwa Magokoro na simu mfukoni. Sikumwambia acheze. Nilikumbuka lile lori, sikutaka kuwa mheshimiwa mwingine. Nilimuuliza tu: mlikuwa mnasimama vipi?

Alinyamaza. Akasonga sufuria ya chinsaga kutoka jikoni. Halafu akasema, "Hatukuwa tunasimama mistari kama nyinyi wa shule. Tulikuwa tunaangaliana."

Basi. Hayo tu. Lakini ndani ya hayo maneno kuna kila kitu ambacho shule haikunifunza. Miaka minne tulifunzwa ribina ya mistari, macho kwa majaji, meno nje. Na yeye anasema ngoma yenyewe ilikuwa wanawake wanaangaliana. Hakukuwa na mheshimiwa wa kutazamwa. Mtazamaji alikuwa mwenzako.

Sikuchukua video. Simu ilibaki mfukoni. Kwa kazi yangu hiyo ni hasara, najua, klipu ya nyanya ingepata watazamaji kushinda hii post mara kumi. Lakini alikuwa ananiambia mimi, na nilitaka kwanza niisikie kama mjukuu. Jumapili iliyopita nilimuuliza kama naweza kuandika hayo maneno hapa. Akacheka, akasema andika, bora usiseme nilicheza.

Sijasema.

Sasa wewe. Kuna mtu kwenu ocha, kuanzia Nyamaiya hadi Ogembo, ambaye mwili wake unajua kitu na hajaulizwa. Usimpeleke jukwaani. Usimvalishe makonge. Linyekula aliwapata wazee wa ile baleti bado hai, na hilo ndilo lilimwezesha. Mwaka ujao unaweza kuchelewa. Kaa chini jikoni, saidia kuchambua mboga, uliza mlikuwa mnasimama vipi. Halafu nyamaza.

Ukishapata jibu, rudi hapa uniambie. Nami kesho narudi kwa Magokoro, juu nina swali la pili: nani alikuwa anaanza?